Uzi wa wali: ukizidisha mchele mara nne, usizidishe maji mara nne

Mwiko wa Mbao (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Kila mara mtu akiuliza namna ya kupika wali unaochambuka, jibu huwa moja: "Vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele." Akilifuata siku anapopika kikombe kimoja, wali unatoka vizuri au karibu na vizuri. Siku ana wageni anapima vikombe vinne vya mchele na vinane vya maji, kisha anapakua bokoboko. Anaambiwa hajui kupika. Mimi nasema kipimo ndicho kimemwangusha, na nimefungua uzi huu tukichambue kipimo hicho mpaka mwisho.

Maji ya kwenye sufuria hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hunywewa na mchele, la pili huondoka na mvuke. Fungu la kwanza hufuata mchele: mchele ukiwa mara nne, nalo huwa mara nne. Fungu la pili halijali umeweka mchele kiasi gani. Hilo hufuata upana wa sufuria, mfuniko unavyobana, ukali wa moto na muda wa kupika. Sufuria ile ile kwenye moto ule ule hupoteza mvuke karibu sawa, uwe umepika kikombe 1 au vikombe 4.

Sasa tuweke namba. Kikombe 1 cha mchele mweupe hunywa kikombe 1 cha maji, au kikombe 1 na robo ukiwa unapenda wali laini zaidi. Kwa mfuniko unaokaa vizuri na moto mdogo, mvuke hubeba kama nusu kikombe hivi. Kwa hiyo mchele kikombe 1 unataka maji kikombe 1 na nusu, au 1 na robo tatu. Mchele vikombe 4 unataka maji vikombe 4 na nusu, usizidi 5 na nusu. Mwenye kufuata kanuni ya mbili kwa moja ataweka 8. Hivyo vikombe viwili na nusu vya ziada, au zaidi, vitakwenda wapi? Vitaingia kwenye punje, zitavimba kupita kiasi, zitapasuka na kumwaga wanga nje, na huo wanga ndio unaozigandisha.

Kwangu mimi, kanuni ya kushika ni hii: maji sawa na mchele, kisha ongeza nusu kikombe ya sufuria. Mfuniko wako ukiwa umepinda, ongeza robo tatu. Ukitaka laini, ongeza robo kwa kila kikombe cha mchele. Na ukikuta kipimo kinachoikaa sufuria yako, usibadilishe sufuria ovyo.

Sasa namna ninavyopika. Naosha mchele, nauchuja, nauteleka na maji yaliyopimwa, chumvi na kijiko cha mafuta. Moto wa kati, bila mfuniko, mpaka maji yachemke na kushuka usawa wa mchele. Juu yake utaona vitundu vitundu vinavyotoa mvuke. Hapo hapo nafunika, napunguza moto mpaka wa chini kabisa, na sifunui tena. Dakika 12 hadi 15. Kisha naipua sufuria ikiwa bado imefunikwa, inakaa pembeni dakika 10 kamili. Ndipo nafunua na kuuchambua kwa uma nikianzia pembeni, naunyanyua kutoka chini bila kuukoroga.

Hizo dakika 10 za kukaa pembeni msizipuuze. Moto ukizimwa, punje za chini zina unyevu zaidi na za juu zimekauka kidogo. Ule mvuke uliofungiwa ndani husawazisha, na wanga uliolainika huanza kukaza kadiri joto linavyoshuka. Wali ukichotwa mara tu unapotoka motoni hukatika na kushikana hata kama maji yalipimwa sawasawa.

Karibuni.

---

Kambi ya Jikoni

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, mimi nilifundishwa kipimo cha kidole: mchele ukishatulia chini, unasimamisha kidole juu yake, maji yafike pingili ya kwanza. Sijawahi kupima kwa kikombe na wali wangu unatoka. Je, hiyo inaingia wapi kwenye hesabu yako?

---

Mwiko wa Mbao

Inaingia vizuri sana, ndugu, na kidole kina akili kuliko mbili kwa moja. Tuipigie hesabu.

Pingili ya kwanza ya kidole cha mtu mzima ni kama sentimita 2 na nusu. Chukua sufuria yenye upana wa sentimita 20. Maji yanayokaa juu ya mchele kwa kina hicho ni mililita 785 hivi. Ongeza na maji yaliyojificha katikati ya punje, maana mchele mkavu una nafasi tupu zinazokaribia nusu ya ujazo wake. Kwa vikombe 4 vya mililita 240, nafasi hizo hubeba zaidi kidogo ya mililita 400. Jumla ni kama mililita 1,200, yaani vikombe 5. Umeona? Umeangukia katikati ya ile 4 na nusu hadi 5 na nusu. Ndiyo maana wali wako unatoka.

Lakini sufuria hiyo hiyo ukiiwekea kikombe 1 tu cha mchele, kidole kitakupa karibu mililita 900, vikombe 3 na robo tatu, wakati unahitaji 1 na nusu. Hiyo itakuwa uji. Ukijaza mchele mwingi, vikombe 6 na kuendelea, kidole kinaanza kukupunja, na juu utakuta punje zenye kiini kigumu.

Kwa hiyo anayepika kiasi cha kila siku kwenye sufuria yake ya kila siku, kidole kinamtosha na sina sababu ya kumtoa huko. Siku kiasi kinapobadilika sana, au anapopika kwenye sufuria asiyoizoea, ashike kikombe.

---

Kambi ya Jikoni

Nimekuelewa. Sasa najua kwa nini nikijipikia peke yangu wali unakuwa mashendea ilhali wa familia nzima unakuwa safi.

---

Punje Ndefu

Niongeze la mchele wenyewe, kwa sababu watu wanalaumu maji hata pale ambapo aina ya mchele ndiyo yenye neno.

Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Amilosi nyingi huufanya wali uchambuke na ukauke. Amilopektini nyingi huufanya unate. Mchele mrefu kama basmati una amilosi ya kutosha, mara nyingi zaidi ya asilimia 20 ya wanga wake. Jasmine unayo kidogo kuliko huo, ndiyo maana ni laini na punje zinashikana kidogo hata ukipikwa na fundi. Ule mchele wa kunata wa Asia ya Mashariki na Kusini Mashariki hauna amilosi ila kidogo mno, asilimia 2 au chini ya hapo. Anayenunua mchele mfupi halafu anataka uchambuke kama basmati anautesa bure, maana hautachambuka kwa kipimo chochote.

Na umri wake nao una kazi. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, unataka maji machache na hunata upesi. Uliokaa ghalani mwaka au zaidi hunywa maji mengi, hurefuka na kuchambuka. Wauzaji wa basmati huuhifadhi makusudi kabla ya kuuza, na huo uliozeeka ndio wa bei ya juu. Ukibadilisha gunia, punguza robo kikombe mara ya kwanza uone unavyofanya. Maji ya moto ya kuongeza yapo. Maji ya kutoa kwenye wali hayapo.

---

Mwiko wa Mbao

Punje Ndefu, umenena. Hilo la gunia jipya ndilo linalowachanganya wengi: mtu kapika vilevile miezi yote, ghafla wali umebadilika.

---

Maji Matatu

Naomba tuzungumze kuosha. Wengine wanasema kuosha mchele ni kumwaga vitamini, wengine wanaosha mpaka maji yawe kama ya kunywa. Nani yuko sahihi?

---

Punje Ndefu

Inategemea mchele. Kuna nchi ambazo mchele mweupe huongezwa vitamini na madini ya chuma kiwandani, na hupakwa juu ya punje. Mfuko utakuwa umeandikwa hivyo. Huo ukiuosha, vinaondoka na maji, hilo ni kweli. Lakini mchele mweupe ambao haukuongezwa kitu umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya vitamini B ulipokobolewa, pumba na kiini cha mbegu (kile kinachoota) vilipoondolewa. Hapo kuosha hakukupotezei kikubwa.

Kinachotoka katika yale maji meupe ni unga wa wanga uliotokana na punje kusuguana, pamoja na vumbi. Ukiuacha, utachemka uwe gundi kati ya punje na povu litakalomwagika jikoni. Maji matatu au manne yanatosha. Yakiwa bado na ukungu kidogo, achana nayo. Na usifikiche kama unafua nguo, hasa basmati, kwa sababu punje zinakatika na kila panapokatika panatoa wanga mpya. Zungusha kwa vidole polepole, mwaga, weka mengine.

Baada ya kuosha, uchuje kwenye chujio dakika kadhaa. Mchele uliooshwa hubeba maji yanayofika vijiko kadhaa kwa kikombe. Usipoyachuja yanaingia kwenye hesabu bila kupimwa, na huko ndiko bokoboko nyingi zinakotokea kwa watu wanaoapa kwamba walipima.

---

Harufu Nzuri

Mimi huloweka. Basmati nusu saa, kisha nachuja. Kuna anayeona haina maana?

---

Mwiko wa Mbao

Ina maana kubwa kwa basmati, na ningeomba kila mwenye basmati nzuri asiiruke.

Kwanza, mchele mkavu ukitiwa motoni moja kwa moja, nje unaiva wakati maji hayajafika ndani. Unapongoja kiini kiive, nje kumeshakuwa laini mno. Ukilowekwa dakika 20 au 30, maji yanafika ndani kabla ya moto, kwa hiyo punje inaiva sawasawa na kurefuka bila kupasuka. Pili, muda wa kupika unapungua, na hapo ndipo jina lako linapoingia, Harufu Nzuri. Manukato ya basmati na jasmine yanatokana zaidi na kiambata kiitwacho 2-asetili-1-pirolini, ambacho pia ndicho kinachoyapa majani ya pandani harufu yake. Kiambata hicho hupeperuka na mvuke. Kadiri sufuria inavyochemka muda mrefu, ndivyo harufu inavyobaki hewani badala ya kubaki sahanini.

Ila kumbuka: mchele uliolowekwa umekwisha kunywa sehemu ya maji yake. Punguza robo kikombe kwa kila kikombe cha mchele. Na ushike kwa upole, kwa sababu punje iliyolowa hukatika kirahisi. Jasmine sina haja ya kuuloweka, wenyewe ni laini. Mchele mfupi Wajapani huuloweka nusu saa ndani ya maji yale yale ya kupikia, nao hutoka mzuri kabisa.

---

Moto Mkali

Mimi napinga hilo la moto mdogo. Nina haraka, napika moto mkubwa mwanzo mpaka mwisho. Ukiungua kidogo chini si tatizo, ukoko unaliwa.

---

Mwiko wa Mbao

Ukoko unaliwa na mimi naupenda. Lakini haraka hiyo huipati, ndugu yangu, na naomba unisikilize hapa.

Maji yakishachemka hayapandi joto tena. Yanabaki nyuzi 100 hata ukichochea moto namna gani. Wanga wa mchele huanza kulainika kwenye nyuzi 55 hadi 79 hivi, kutegemea aina. Kwa hiyo sufuria inayotokota taratibu chini ya mfuniko ina joto lote ambalo mchele unalihitaji. Moto mkubwa unafanya kazi mbili tu: unafukuza maji kabla mchele haujayanywa, na unazirusha punje zigongane zikatike. Mwisho wake unajikuta unaongeza maji, unangoja yachemke upya, na muda uliodhani umeokoa umekwisha. Chini nako, maji yakishakwisha hakuna tena cha kulizuia joto lisipande juu ya 100, ndipo ukoko unapoanza kuwa wa kahawia, kisha mweusi. Wa kahawia ni mtamu. Mweusi hupeleka moshi mpaka kwenye wali wa juu, na harufu hiyo haitoki.

Ukitaka ukoko mzuri, upike kwa moto mdogo mpaka uive, halafu dakika tatu nne za mwisho ongeza moto kidogo na utege sikio. Utasikia mlio wa kukaanga chini. Harufu ya kukaanga ikikufikia, ipua.

---

Mkaa na Kuni

Mmezungumza kama kila mtu ana gesi yenye kitufe. Sisi wa mkaa hatuna "moto wa chini kabisa".

---

Mwiko wa Mbao

Una haki, nilipaswa kukugusia. Kwa mkaa, anza na moto kamili mpaka maji yashuke usawa wa mchele. Kisha toa makaa mengi, bakiza machache yaliyoshika majivu, na uyatandaze yasikae rundo katikati. Kama sufuria na mfuniko ni vya kuhimili, weka makaa machache juu ya mfuniko. Joto la juu linazuia mvuke usigeuke maji chini ya mfuniko na kudondokea wali, na safu ya juu inaiva sawa na ya chini. Kwa maoni yangu, wali uliopata joto chini na juu una ukavu ambao gesi ya chini peke yake huupata kwa shida.

Mwenye gesi anayetaka kukaribia hapo afunge mfuniko kwa kitambaa safi cha pamba, pembe zake azikunje juu zisifikie moto. Kitambaa kitanyonya matone. Pia oveni inafaa: sufuria ya chuma isiyo na mpini wa plastiki, maji yaliyochemka, funika kabisa, nyuzi 180, dakika 20 hadi 25. Ukiwapikia watu wengi, oveni ni bora kuliko jiko.

---

Kitufe Kimoja

Mnateseka wakuu. Nunueni sufuria ya umeme ya wali, weka mchele, maji mpaka mstari, bonyeza, ondoka.

---

Punje Ndefu

Hata mimi ninayo na naiheshimu. Iliingia sokoni Japani mwaka 1955 kupitia Toshiba, na aliyeiunda, Yoshitada Minami, alisaidiwa na mke wake Fumiko aliyefanya majaribio mengi ya upishi nyumbani. Siri yake ni ile ile aliyoisema mtoa mada: maji yakiwemo, sufuria haivuki nyuzi 100. Maji yakishanywewa yote, joto la kitako linapanda ghafla, kifaa cha ndani kinahisi na kukata moto. Haihesabu dakika, inasubiri maji yaishe. Kwa hiyo ukiiwekea maji mengi itaendelea kuchemsha mpaka yaishe, nawe utapata bokoboko iliyopikwa kwa uaminifu.

Mambo mawili kuhusu hiyo mashine. Kikombe kinachokuja nayo huwa ni mililita 180, si 240, na mistari ya ndani imepimwa kwa kikombe hicho. Ukitumia kikombe cha chai na mstari wa sufuria, umechanganya vipimo viwili. La pili, kitufe kikiruka usifungue. Dakika 10 zile zile.

---

Nyumba ya Mlimani

Nimehamia sehemu ya juu sana, mita 2,400 na kitu. Vipimo vyangu vyote vya zamani vimegoma, mchele una kiini kigumu. Nilidhani mchele ni mbovu.

---

Mwiko wa Mbao

Mchele wako ni mzima, dada au kaka. Kiwango cha kuchemka hushuka kama nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa urefu wako maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Yanatokota kama kawaida kwa macho, lakini joto ni dogo, mchele unachelewa kuiva, na katika kuchelewa huko mvuke unaondoka zaidi. Ongeza robo hadi nusu kikombe cha maji kwa sufuria nzima na dakika tano hivi za moto mdogo, na uloweke hata mchele ambao zamani hukuuloweka. Mfuniko ubane. Ukiwa na sufuria ya presha umemaliza tatizo, kwa kuwa ndani yake joto linavuka 100 hata huko mlimani. Humo mvuke hautoki, kwa hiyo maji yawe sawa na mchele, au zidisha kidogo tu.

---

Maji Matatu

Na wale wanaochemsha kwenye maji mengi kisha wanamwaga?

---

Harufu Nzuri

Mimi hufanya hivyo kwa basmati ya wageni wengi. Maji mengi yenye chumvi yakitokota, natia mchele uliolowekwa, dakika tano sita, naonja punje. Ikiwa imeiva nje na katikati ina ugumu kidogo, namwaga kwenye chujio, narudisha kwenye sufuria yenye mafuta chini, nafunika kwa kitambaa, moto mdogo dakika 15. Hakuna kupima maji, na wali unatoka umejitenga punje kwa punje. Hasara yake ni kwamba ukichelewa dakika mbili kabla ya kumwaga, umeharibu. Lazima usimame hapo hapo.

---

Punje Ndefu

Kuna na sababu ya kiafya. Mpunga humea kwenye maji yaliyotuama na hunyonya arseniki, ambayo ni sumu, kutoka ardhini kuliko nafaka nyingine. Kupika kwa maji sehemu 6 hadi 10 kwa sehemu 1 ya mchele na kuyamwaga hupunguza arseniki isiyo ya kikaboni (ile yenye sumu zaidi) kwa asilimia 40 hadi 60, kwa mujibu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani. Lakini taarifa hiyo hiyo inasema kwamba kwa mchele ulioongezwa virutubisho, chuma na vitamini B kadhaa hupungua kwa asilimia 50 hadi 70. Anayekula wali kila siku, au anayewapikia watoto wadogo, azingatie pande zote mbili. Nafuu zaidi ni kubadilisha nafaka katika wiki.

Mchele wa kahawia pia naupika hivi, maji mengi kama dakika 30, namwaga, naufunika dakika 10 uive kwa mvuke wake. Pumba yake inazuia maji kuingia, ukiupika kwa kukausha unakaa jikoni dakika 45 na pengine chini umeshika. Na ule mchele uliochemshwa ukiwa bado na maganda, wenye rangi ya manjano kidogo, ni rahisi kwa anayejifunza. Wanga wake umeshaiva na kukaza mara moja kiwandani, na sehemu ya vitamini za pumba zimehamia ndani. Unataka maji zaidi kidogo na muda zaidi, lakini kuuharibu ni kazi.

---

Kambi ya Jikoni

Wali wangu unakuwa na umanjano ilhali mchele ni mweupe. Kwa nini?

---

Mwiko wa Mbao

Maji yako huenda yana madini mengi, maji magumu. Rangi za asili zilizomo kwenye mchele hugeuka manjano kwenye maji ya aina hiyo. Kamulia matone ya limau au kijiko kidogo cha siki wakati yanachemka. Weupe unarudi, na ladha ya limau hutaihisi ukiweka kidogo.

---

Moto Mkali

Nimesoma yote, nimekubali moto mdogo. Sasa niambieni: wali ukishaharibika, unaokolewaje?

---

Mwiko wa Mbao

Inategemea umeharibika vipi.

Kiini kigumu na maji yameisha: nyunyizia maji *ya moto*, robo kikombe kwa kuzungusha, usikoroge, funika, moto mdogo dakika tano, halafu pembeni dakika kumi. Ya baridi yanashusha joto la sufuria nzima na kuuchelewesha.

Umeiva lakini maji yapo: fungua mfuniko, moto mdogo sana, mvuke utoke. Usiuguse kwa mwiko. Ukiwa umelegea zaidi ya hapo, utandaze kwenye sinia pana au treya ya oveni, upigwe na hewa au joto dogo dakika chache. Utakauka nje, ingawa punje zilizopasuka hazirudi. Bokoboko kamili usiibembeleze: ongeza maji au maziwa, ugeuze uwe uji wa wali, ule kwa amani.

Umeungua: ipua mara moja, weka kitako cha sufuria kwenye maji baridi au kitambaa kibichi, kisha hamisha wali wa juu kwenye chombo kingine bila kukwangua. Ule uliogusana na weusi uache.

---

Harufu Nzuri

La mwisho kwangu, maana naona watu wanaacha wali wazi juu ya meza usiku kucha. Kiporo cha wali kinahifadhiwaje?

---

Punje Ndefu

Hili si la mzaha. Mchele mbichi hubeba mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus*. Mbegu hizo zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha haiharibiki ukipasha moto. Yaani wali uliolala mezani hata ukiuchemsha mpaka utoe moshi, sumu bado imo.

Utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, kisha uingie kwenye jokofu la nyuzi 5 au chini, ikiwezekana ndani ya saa 1. Mamlaka ya chakula ya Uingereza inashauri usikae humo zaidi ya siku moja kabla ya kupashwa, na upashwe mara moja tu. Usiufungie kwenye chombo kirefu ukiwa wa moto. Katikati unabaki vuguvugu kwa saa nyingi hata ndani ya jokofu. Ukitaka kuuweka siku nyingi, ugandishe kwenye friza kwa mafungu madogo bapa.

Kuupasha, nyunyizia kijiko cha maji kwa kila sahani, funika, uwe wa moto kabisa mpaka katikati. Wali wa jana ni mgumu kwa sababu wanga umekaza upya kwenye baridi, na ule mvuke ndio unaoulegeza. Ndiyo sababu pia wali wa kukaanga unafaa upikwe kwa uliolala kwenye jokofu: punje zimekaza, hazishikani kwenye mafuta.

---

Kambi ya Jikoni

Nimepika leo jioni vikombe 3, maji 3 na nusu, nimefunika, sijafunua, dakika kumi pembeni. Umechambuka. Ila juu kabisa punje chache zilikuwa kavu. Niongeze maji?

---

Mwiko wa Mbao

Usiongeze kwanza. Angalia mfuniko: weka kitambaa au karatasi ya alumini kati yake na sufuria, upike tena kwa kipimo hicho hicho. Ukavu wa juu peke yake, chini pakiwa pazuri, mara nyingi ni mvuke unaovuja pembeni. Ukiubana na bado ukakauka, hapo ongeza robo kikombe kwa sufuria nzima.